Aliyetangulia Mlangoni Saa ya Rahu

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Valli, mwambie kwamba shahada yake ya Fizikia aliipata kwa bahati. Atakutazama juu ya miwani, atachomeka ncha ya sari kiunoni kama mtu anayejiandaa kusugua masufuria, halafu atakuuliza, "Bahati ya nani?" Wengi hunywea hapo hapo, maana amewasomesha na wanalijua lile jicho. Lakini swali lenyewe ana haki nalo. Anayetaka kulielewa hana budi kurudi nyuma, mpaka zile siku Valli alipokuwa binti mwembamba wa misuko miwili ya nywele, ananukia buni iliyokaangwa kuanzia utosini hadi visiginoni.

Baba yake, Ponnusami, alikuwa na duka la kahawa katika mtaa wa wafua shaba, kule kwetu kando ya mto Kaveri. Mbele ya duka kulikuwa na kinu cha kusagia, na nyuma kulikuwa na pipa la chuma la kukaangia, lenye mpini wa mbao. Nyumba nzima ilikuwa ikinukia. Valli akitoka shule alikaa kwenye gunia akalizungusha lile pipa, huku akimchosha baba yake kwa maswali.

"Baba, kwa nini chuma kinaunguza na mpini hauunguzi, na vyote viko kwenye moto mmoja?"

"Kwa sababu mpini ni mti."

"Hilo si jibu, Baba."

"Basi kalitafute shuleni, mama, uje uniambie na mimi nisife mjinga."

Alimwita mama, kama baba zetu wote wanavyowaita mabinti zao. Na mama mwingine mle ndani hakuwepo. Mama yake Valli alikuwa ametoka nyumbani siku moja akiwa na uchungu, akapelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alirudi, yeye hakurudi. Mtoto huyo ni Sundaresan, mdogo wake Valli. Bibi aliyewalea wote wawili hakuwahi kulaumu daktari wala homa. Alisema neno moja tu, akalisema maisha yake yote: mkwe wangu alivuka kizingiti saa ya Rahu.

Saa ya Rahu kwetu haihitaji kuelezwa, mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Rahu ni kile kichwa kisicho na kiwiliwili kinachomeza jua na mwezi, na kila siku ya wiki kimepewa saa yake ya nuksi. Katika saa hiyo hufungui duka, huposi, huanzi safari, huvuki mlango kwa jambo jipya. Ijumaa zamu yake huanza saa nne na nusu asubuhi na kwisha adhuhuri. Ponnusami alikuwa mtu mpole asiye na ubishi na yeyote, lakini kwa hilo alikuwa jiwe. Mteja angesimama pale na chombo chake, jua linamchoma, na baba mtu angemwambia, "Keti, ndugu yangu. Saa ikipita nitakupimia."

Basi Valli akamaliza sekondari, tena akafaulu vizuri, na ugomvi wa masomo ukaanza. Loo! Mtaa mzima ulikuwa na maoni. Muuza maua alisema asome historia, maana historia haimharibii msichana macho. Jirani wa ukuta mmoja alisema sayansi kimu, ajifunze kupika kwa vipimo.

"Fizikia?" Bibi aliuliza kwa kicheko. "Ukiolewa utampikia mumeo Fizikia?"

"Nitampikia wali, Bibi. Fizikia nitakula mwenyewe."

"Msikieni! Ulimi huo hata mama mkwe wa chuma ataukimbia."

Lakini Ponnusami alizidi kuzungusha pipa, na buni zilipoanza kupasuka akasema, "Atasoma anachotaka. Mimi nadaiwa majibu ya maswali yake tangu ana miaka sita. Acha akayachukue yanakotoka." Mjadala ukafungwa.

Kusema ni rahisi, kupata ndiyo kazi. Chuo cha wanawake cha ng'ambo ya mto kilikuwa na nafasi tele za historia na haba sana za Fizikia. Siku ya udahili wasichana waliitwa mmoja mmoja kwa kufuata alama zao, mwenye alama nyingi akitangulia. Ukiitwa unaingia kwa mkuu wa chuo, unachagua somo lililobaki, basi. Nje ya mlango kulikuwa na ubao mdogo, na tarishi aliandika kwa chaki ni nafasi ngapi zimebaki. Chuo kingine chenye Fizikia kilikuwa mbali, cha kulala huko huko, na Bibi alishaapa kwamba mjukuu wake hatalala nje ya nyumba mpaka aolewe. Kwa hiyo ilikuwa hapa au basi tena. Valli alilijua hilo, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakula kitu.

Siku ilikuwa Ijumaa. Bibi alimpaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, akamshika kidevu, akamgeukia mwanawe. "Ponnusami, sikiliza. Asivuke mlango wowote kabla ya adhuhuri. Wowote! Nimeshazika mmoja."

"Mama, usiwe na wasiwasi. Makarani wenyewe hawaiti mtu saa hiyo. Huenda kunywa kahawa."

Na ni kweli, ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Ikifika saa ya Rahu karani angefunga kalamu yake, angepiga miayo, angepotea hadi adhuhuri, na wazazi wangekula wali wao wa maziwa ya mgando barazani kwa amani. Kosa letu lilikuwa hapo, kudhani mambo yatakuwa kama jana. Mwaka ule chuo kilikuwa kimepata mkuu mpya, Bi Arivukkodi, binti wa mmoja wa wale watu wa mashati meusi wasioamini nyota, kuhani wala ndege wa mikosi. Mama huyo alikuwa ameolewa siku ya mwisho wa mwezi, ambayo kwetu hakuna anayeoa, katikati ya saa ya Rahu, kwa makusudi kabisa, na mumewe alikuwa hai tena mnene.

Mlango ulifunguliwa saa nne. Wasichana wawili watatu wa mwanzo waliingia mbio, wakatoka wanacheka. Kisha saa ya ukutani ikafika nusu. Baraza zima likatulia, wazazi wakaanza kufungua vyombo vya chakula.

Tarishi akatoka, akaita jina.

Hakuna aliyesimama. Akaita tena, watu wakatazamana.

"Bwana, huoni saa?" aliuliza Natesan, muuza vitambaa, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kuifuata. "Nenda ukanywe kahawa yako!"

"Mkuu amesema hakuna kahawa," tarishi alisema, naye mwenyewe kama anataka kulia. "Amesema jina litaitwa mara tatu. Asiyeingia anakwenda mwisho wa foleni, atachagua wenzake wakishamaliza."

Weee! Baraza lilichemka. Mwingine alimtukana Bi Arivukkodi, mwingine akamtukana baba yake, mwingine akasema dunia imekwisha. Natesan ndiye aliyepata wazo. Alipanda juu ya benchi akasema, "Ndugu zangu, tusihangaike! Tukikaa wote, nani atachukua nafasi? Mama huyu ataita mpaka koo limkauke, na adhuhuri tutaingia kwa mpangilio wetu ule ule. Shikaneni tu!"

Watu wakaafiki. Kila baba akamshika binti yake mkono, na Ponnusami akamshika Valli kwenye kifundo cha mkono, vidole vyake vyeusi kwa kahawa. Likaitwa jina, kimya. Likaitwa jingine, kimya. Natesan akatabasamu kama aliyeshinda uchaguzi. Kisha tarishi akaita, "Mehrunisa!" na binti mmoja akasimama upande wa pili wa baraza, na baba yake, Kader mwenye duka la miavuli, akasimama naye.

"Kader!" Natesan alifoka. "Unatuvunjia umoja?"

"Umoja gani, Natesan? Huyo Rahu wenu hajui nyumba yangu ilipo. Mwanangu, ingia, sema bismillah."

Mehrunisa aliingia. Alipotoka, tarishi alifuta namba kwenye ubao kwa kiganja, akaandika nyingine, ndogo zaidi, mbele ya Fizikia. Likaitwa jina, kimya. Akaitwa Stella, binti wa mwalimu wa kanisani, naye akapita na msalaba wake kifuani. Kiganja kikafuta tena. Pale mbele ya Fizikia ikabaki moja.

Valli aliitazama ile moja mpaka macho yakamwasha. Hakuwa anafikiri juu ya nyota. Alikuwa anafikiri juu ya pipa na mpini, na yale majibu yote yaliyokuwa nyuma ya mlango ule. Aliogopa, tena sana, kwa sababu na yeye alikuwa mtoto wa nyumba ile, na mama yake alikuwa ametoka nje saa kama hii.

"Sornavalli, binti Ponnusami!"

Kifundo cha mkono kilibanwa. Valli angemwambia nini baba yake? Kwamba kitu anachoamini kilimuua mkewe hakipo?

"Sornavalli, binti Ponnusami!" Mara ya pili.

"Kaa, Ponnusami," Natesan alinong'ona kwa nguvu, minong'ono yake ikasikika mpaka ng'ambo ya mto. "Kaza moyo. Bado kidogo tu."

Valli aliinamisha kichwa. Chozi lilidondoka kwenye mkono wa baba yake, likatua pale penye weusi wa kahawa, naye akaona haya akataka kulifuta. Ponnusami aliutazama mkono wake. Kisha akauachia mkono wa binti yake.

Alisimama. Akavua kandambili zake akazipanga vizuri chini ya benchi, kama mtu anayeingia hekaluni. Akavuta shuka lake, akapita mbele ya Valli, akanyoosha mkono nyuma kumzuia asimpite.

"Baba, aliyeitwa ni mimi."

"Najua," alisema, na sauti ilikuwa inamtetemeka waziwazi mbele za watu. "Nyuma yangu, mama. Likiwepo la kumpata mtu humo mlangoni, linikute mimi kwanza."

Ponnusami akafumba macho, akatanguliza mguu wa kulia, akavuka.

Ndani, Bi Arivukkodi aliinua uso akaona mzee pekupeku aliyefumba macho, na nyuma yake msichana anayelia. "Mzee, aliyeitwa ni binti," alisema kwa ukali. "Au wewe ndiye unayetaka Fizikia?"

"Mimi sitaki kitu, mama. Mimi nimetangulia tu."

Yule mama alikuwa amepigana na saa ya Rahu maisha yake yote, na nadhani alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Aliiangalia miguu mitupu ya Ponnusami, akayameza. Akamwambia tarishi, "Mletee mzee kiti." Kisha akamuuliza Valli anataka somo gani, na Valli akataja.

Walirudi nyumbani baada ya kukaa mtoni chini ya daraja mpaka jua lilipopinduka, ili wasiwahi kufika. Bibi alikuwa mlangoni. "Mliingia saa ngapi?"

"Adhuhuri ilikuwa imepita, Mama," alisema Ponnusami, mtu ambaye hakuwahi kumpunja mteja hata punje. "Mchana kweupe."

Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Nendeni mkale," alisema, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Sasa hapa ndipo penye hadithi yenyewe, na hapa ndipo Valli hushindwa kuisimulia bila kuvua miwani afute macho. Mwezi ule ule pipa la kukaangia lilipasuka. Ponnusami alisimama mbele ya ule ufa, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kwa furaha kabisa. "Nuksi hii ni ya kwangu," alisema.

"Baba, chuma huchoka!" Valli alikuwa na wiki tatu za chuo, na hakuna mjuzi kama mwenye wiki tatu. "Kikipashwa moto na kupoa, kupashwa na kupoa, lazima siku moja kipasuke. Tumefundishwa!"

"Sawa. Kimechoka. Na kilipochoka kikaja kupasukia kwangu, hakikukufuata wewe."

Ikawa ndiyo mtindo. Mto ukifurika na kulowesha magunia, "Ya kwangu hiyo." Kinu kikimng'ata kidole, "Ya kwangu." Jicho moja likiingiwa na mtoto wa jicho, alimwambia daktari asiharakishe, kwamba anayo mabaya mengine mengi ya kupokea. Valli aligombana naye, akamchorea michoro, akamletea vitabu. Jibu la mpini na chuma alimletea muhula wa kwanza tu, na baba mtu alilisikiliza mpaka mwisho, akafurahi mno, akawasimulia wateja wiki nzima. Lakini kwa habari ya mlango hakubadilika. Alisikiliza kila hoja, akaikubali, kisha akasema, "Haya, mama. Lakini wewe u mzima, sivyo?"

Na kweli alikuwa mzima. Alimaliza shahada, akaongeza nyingine, akaajiriwa kufundisha shule ya wasichana. Jua lilipopatwa alitoka nje uwanjani mbele ya shule nzima, wakati mji wote umejifungia, hauli kitu, umefunika hata maji, akamenya ndizi akaila. "Mnaona?" aliwaambia wasichana. "Ni kivuli cha mwezi. Hakuna kichwa, hakuna meno." Jioni alipita dukani, na Ponnusami, ambaye habari za ndizi zilikuwa zimeshamfikia, alimpa kahawa. Mzee mwenyewe alikuwa amefunga saumu kutwa nzima kwa niaba yake.

Uzeeni sukari ilimla Ponnusami mguu, ule wa kulia. Ulipokatwa, Valli alikaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali akalia kama siku ile ya barazani. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, mwenye mvi, na alilia kwa sauti mpaka wauguzi wakaja.

"Unalia nini sasa?" alisema mzee. "Hesabu yako mbovu, nawe mwalimu! Mke alichukuliwa mzima mzima. Safari hii tumelipa pipa, magunia, jicho na mguu wa mzee aliyekwisha kutembea kote. Na wewe hata mafua ya maana hujaugua." Akacheka, meno mawili tu yamebaki. "Nimempunja Rahu, mama. Nimempunja vibaya sana."

Alikufa kabla ya mvua. Duka sasa linauza simu. Mwalimu Valli hununua kahawa ya pakiti kama sisi sote, huifungua, huinusa, huirudisha kabatini, na siku nyingine hainywi. Anasema haina kosa lolote, ila hainukii mtu.

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya Yazhini, kitinda mimba wa Sundaresan. Siku hizi alama huingizwa kwenye simu na masomo huchaguliwa kwa kidole, ila vyeti bado lazima uvipeleke mwenyewe vikaguliwe. Sundaresan alikuwa na kazi, hivyo shangazi mtu ndiye aliyempeleka. Njiani walibishana.

"Shangazi, mama anasema leo Ijumaa, tungoje ipite saa sita."

"Mama yako ana shahada ya biashara na bado anasema hivyo? Twende. Nimekula ndizi jua likiwa limepatwa, niogope saa ya ukutani?"

Baraza lilikuwa lile lile, rangi tu imebadilika, na mabenchi yamekuwa ya plastiki. Wazazi walikuwa wamekaa na simu zao. Valli aliangalia ukutani, ilikuwa inakaribia saa tano. Alikuwa mtulivu kabisa, hata akamrekebishia Yazhini maua ya nywele.

"Yazhini, binti Sundaresan!"

Msichana alisimama, akachukua mkoba wake wa vyeti, akaelekea mlangoni. Alikuwa bado hajafika alipomwona shangazi yake, mwenye magoti mabovu, anampita mbio, kandambili zimebaki chini ya benchi.

"Shangazi! Aliyeitwa ni mimi. Wewe unakwenda wapi?"

Mwalimu Valli hakugeuka. Alikuwa ameshanyoosha mkono nyuma kumzuia, na mguu wa kulia ulikuwa kwenye kizingiti.

"Nyuma yangu, mama," alisema. "Nyuma yangu."